Kisima cha Macondo na Bunge la Marekani: Uchambuzi wa Kisa cha Usimamizi wa Usalama wa Uchimbaji Baharini

Kisa hiki kinahusu mlipuko wa kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko, Aprili 2010. Mengi yameandikwa kuhusu mafuta yaliyomwagika, ndege waliokufa na fidia zilizolipwa. Hapa naangalia jambo moja tu: wabunge wa Marekani walikuwa na uwezo gani juu ya usalama wa uchimbaji, waliutumia vipi, na kwa nini baada ya miezi ya vikao vikali sheria ya visima ilibaki karibu vile vile. Nimekichagua kwa sababu Bunge hilo lilifanya kazi yake vizuri sana upande mmoja na likashindwa vibaya upande wa pili, ndani ya mwaka mmoja.

Majina ya wafanyakazi wa mtambo, wahandisi na wakaguzi nimeyaacha, pamoja na maelezo yanayoweza kuwatambulisha. Kampuni, viongozi na wabunge nimewataja, kwa kuwa waliyoyafanya yamo kwenye kumbukumbu za umma.

Usuli

Mwaka 1982 serikali ya Marekani iliunda idara iliyoitwa Minerals Management Service, kwa kifupi MMS. Ilipewa kazi tatu kwa pamoja: kukodisha vitalu vya baharini, kukusanya mrabaha, na kukagua usalama wa visima. Fedha zilizopitia kwake zilikuwa mabilioni ya dola kila mwaka, moja ya vyanzo vikubwa vya mapato ya serikali kuu ukiacha kodi. Hata kama kila mtumishi angekuwa mwadilifu, hatari ilikuwapo. Mkuu wa idara anayepimwa kwa vitalu alivyokodisha na mrabaha aliouleta hawezi kumpenda mkaguzi anayesimamisha kisima kwa wiki mbili.

Na uadilifu nao ulikosekana. Septemba 2008 Mkaguzi Mkuu wa wizara husika alitoa ripoti kuhusu ofisi ya mrabaha iliyoko Colorado. Watumishi walipokea zawadi, walitumia dawa za kulevya, na baadhi yao walikuwa na uhusiano wa kimapenzi na watu wa kampuni walizotakiwa kuzisimamia. Wabunge walikemea, wakaitisha kikao. Muundo wa idara haukuguswa.

Lakini picha haijakamilika bila kutaja mkono wa Bunge lenyewe. Marekebisho ya sheria ya bahari ya mwaka 1978 yaliipa wizara siku 30 tu za kuamua juu ya mpango wa utafutaji mafuta baada ya kuwasilishwa. Siku 30 hazitoshi kufanya tathmini kamili ya mazingira, na kwa hiyo idara ilizoea kutoa misamaha ya jumla. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuwapunguzia mrabaha waliokwenda kuchimba kwenye kina kirefu. Kampuni zikakimbilia huko, na katika miaka hiyo hiyo bajeti ya MMS ikawa inashuka. Kufikia 2010 wakaguzi wa Ghuba walikuwa takriban 60, vituo vya kukaguliwa vikiwa zaidi ya 3,000. Kuhusu fidia, sheria ya mwaka 1990, iliyotungwa baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska, iliweka ukomo wa dola milioni 75 kwa hasara zilizo nje ya gharama za usafishaji. Kiasi hicho hakikubadilishwa kwa miaka ishirini, wakati visima vikizidi kwenda chini.

Mpango wa Macondo uliidhinishwa Aprili 2009 kwa msamaha wa aina hiyo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Machi 2010, Rais Obama alitangaza kufungua maeneo mapya ya bahari kwa ajili ya uchimbaji. Sera ya nishati ya nchi ilikuwa na wafuasi katika vyama vyote viwili: kupunguza mafuta ya kuagiza kwa kuongeza ya nyumbani. Zilikuwa zimebaki siku ishirini.

Usiku wa tarehe 20 Aprili

Mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa mali ya Transocean, umekodiwa na BP iliyokuwa na asilimia 65 ya kitalu. Anadarko ilikuwa na 25 na MOEX 10. Halliburton ndiyo iliyomwaga saruji. Bahari pale ina kina cha takriban mita 1,500, na kisima kilikuwa kimeshuka zaidi ya mita 5,500 kutoka usawa wa maji. Kazi ilikuwa imechelewa kwa siku 43, na kila siku iligharimu karibu dola milioni moja.

Bomba la mwisho la chuma liliposhushwa, lilihitaji vishikizo vya kuliweka katikati ya shimo ili saruji izunguke pande zote kwa usawa. Hesabu za Halliburton zilipendekeza 21. Vilivyokuwa tayari ni sita. Vingine viliagizwa vikaletwa kwa helikopta, lakini wahandisi wakaona si vya aina inayofaa na kwamba kuvifunga kungechukua saa kumi zaidi. Wakaendelea na sita. Mmoja wao alimwandikia mwenzake barua pepe kwamba limeshafanyika, nani anajali, huenda mambo yakawa sawa.

Asubuhi ya tarehe 20, mafundi wa kampuni nyingine waliokuwa wamefika kupima ubora wa saruji waliambiwa hawahitajiki, wakapanda helikopta kurudi nchi kavu. Kipimo chao kingegharimu takriban dola 128,000 na kuchukua hadi nusu siku. Jioni likafuata jaribio la presha. Presha ya juu ya kisima inaondolewa, kisha watu wanasubiri. Ikiwa saruji imeziba, geji zinabaki sifuri. Geji ya bomba la kuchimbia ilisoma psi 1,400, ile ya bomba dogo la pembeni ikasoma sifuri. Hakuna namna kisima kilichozibwa kinaweza kutoa namba hizo mbili kwa wakati mmoja. Wasimamizi walijadiliana, mtu akatoa maelezo yaliyosikika ya kitaalamu, na jaribio likahesabiwa limefaulu. Wakaanza kuondoa tope zito la kuchimbia na kuweka maji ya bahari.

Saa tatu na dakika 49 usiku gesi iliyopanda ililipuka. Mtambo mkubwa wa kuzuia mlipuko uliokuwa sakafuni mwa bahari haukuweza kukata bomba na kufunga kisima. Watu 11 walikufa na 115 wakaokolewa. Tarehe 22 mtambo ulizama, na mafuta yakaendelea kutoka hadi tarehe 15 Julai.

Bunge linaingia kazini: swali la mapipa

Swali la kwanza ambalo wabunge walilishikilia lilikuwa rahisi: ni mapipa mangapi yanatoka kwa siku? Mwanzoni lilitajwa pipa 1,000. Tarehe 28 Aprili serikali ikasema 5,000, na namba hiyo ikakaa kwa mwezi mzima. Ilikuwa na uzito mkubwa. Faini kwa sheria ya maji hutozwa kwa kila pipa, na mbinu za kuziba kisima hupangwa kwa kufuata nguvu ya mafuta yanayotoka. BP ilisema haikuwa lazima kupima kwa usahihi, kwani juhudi zao zisingebadilika.

Ed Markey, mwenyekiti wa kamati ndogo ya nishati na mazingira ya Baraza la Wawakilishi, hakuridhika. Kulikuwa na roboti zenye kamera chini ya bahari zikitazama mafuta yakitoka saa zote, na picha hizo zilikuwa mikononi mwa BP. Markey alidai zitolewe. Kipande kifupi kilipopatikana, profesa wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Purdue alipima mwendo wa mawimbi ya mafuta picha kwa picha, akakadiria takriban mapipa 70,000 kwa siku. Tarehe 19 Mei alieleza hesabu yake mbele ya kamati. Siku chache baadaye picha za moja kwa moja zikawa wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, naye mvuvi wa Louisiana akawa anaona kile anachokiona mhandisi wa Houston.

Makadirio ya serikali yakaanza kupanda: mwishoni mwa Mei 12,000 hadi 19,000, katikati ya Juni 35,000 hadi 60,000. Mwezi Agosti wataalamu wa serikali walihitimisha kwamba kisima kilianza kwa mapipa 62,000 kwa siku na kushuka hadi 53,000 kadiri hifadhi ilivyopungua.

Mwaka 2012 BP ilikubali kukiri makosa 14 ya jinai. Kumi na moja yalihusu vifo vya wafanyakazi. Moja lilikuwa kulizuia Bunge kufanya kazi yake, kwa kuficha ilichokijua kuhusu kiasi cha mafuta ilipoijibu kamati ya Markey. Ofisa mmoja aliyeshtakiwa binafsi kwa suala hilo hakupatikana na hatia. Kwa kampuni yenyewe, hata hivyo, jibu la uongo kwa kamati ya Bunge liligeuka kosa la jinai lililokiriwa. Naona hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika kisa hiki kwa upande wa usimamizi wa Bunge, na ni nadra kulisikia likitajwa.

Barua ya tarehe 14 Juni

Henry Waxman, mwenyekiti wa Kamati ya Nishati na Biashara, na Bart Stupak wa kamati ndogo ya uchunguzi, walichukua njia nyingine. Waliomba nyaraka. Watumishi wa kamati walisoma maelfu ya kurasa za barua pepe, hesabu na ripoti za kila siku za mtambo. Tarehe 14 Juni waliiandikia BP barua ndefu iliyotaja maamuzi matano: aina ya bomba la mwisho, idadi ya vishikizo, kuacha kupima saruji, kutozungusha tope la kutosha kabla ya saruji, na kutofunga kichwa cha bomba kwa kifaa chake. Kwa kila moja barua ilionyesha njia iliyochaguliwa, njia iliyoachwa, na muda au fedha zilizookolewa. Maneno ya barua pepe ya vishikizo na ya mhandisi aliyekiita kisima hicho jinamizi yalifika kwa umma kupitia barua hiyo.

Tume ya Rais iliyofuata ilichunguza kwa kina zaidi, na kwa baadhi ya mambo ilikuwa na mtazamo tofauti kuhusu uzito wa kila uamuzi. Lakini ndani ya wiki nane tangu mlipuko, kisima kikiwa bado kinatapika, kamati ya Bunge ilikuwa imeweka mezani ramani ya makosa ambayo mbunge asiyejua lolote la uchimbaji angeweza kuifuata.

Vikao vya Juni

Tarehe 15 Juni wakuu wa ExxonMobil, Chevron, ConocoPhillips, Shell na BP waliketi pamoja mbele ya kamati ya Markey. Wanne wa kwanza walisema wao wasingechimba vile BP ilivyochimba. Kamati ilikuwa imeshasoma mipango yao ya dharura. Ilikuwa inafanana karibu neno kwa neno, imeandaliwa na mshauri mmoja. Baadhi ilizungumzia kuwalinda walarasi, wanyama wa bahari za barafu ambao hawajapata kuonekana Ghuba ya Meksiko. Baadhi iliorodhesha namba ya simu ya mtaalamu aliyekuwa amefariki miaka mitano kabla. Rex Tillerson wa ExxonMobil alikiri kwamba suala la walarasi ni aibu.

MMS iliipokea na kuikubali mipango hiyo yote. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeisoma kwa nia ya kuitumia, kwa sababu mtu anayesoma mpango wa dharura kwa nia ya kuutumia huanza kwa kujaribu namba za simu.

Siku mbili baadaye Tony Hayward wa BP alihojiwa kwa saa nyingi na kamati ya Stupak, akajibu mara nyingi kwamba hakuhusika na maamuzi ya kisima. Mbunge Joe Barton wa Texas aliiomba radhi BP kwa kushinikizwa na Ikulu kutenga dola bilioni 20 za fidia, kisha siku hiyo hiyo akalazimika kuiondoa kauli yake. Vyombo vya habari vilikumbuka radhi hiyo. Kwa mtu anayetaka kujifunza usimamizi, kikao hicho hakikuongeza lolote juu ya barua ya tarehe 14, maana mkuu wa kampuni kubwa namna hiyo huandaliwa na mawakili ili asiseme kitu.

Kikao kilichonigusa zaidi kilifanyika Chalmette, Louisiana, tarehe 7 Juni. Wajane wawili vijana wa wafanyakazi waliokufa walitoa ushahidi. Walisema hawataki uchimbaji ukome, maana ndiyo ajira ya jamii zao. Walitaka ufanyike kwa usalama. Kila mbunge wa ukanda ule alikuwa amebanwa na mambo hayo mawili, na ni kosa kuwaona wote waliotetea uchimbaji kama watu walionunuliwa.

Maamuzi ya serikali na sababu zake

Ken Salazar, waziri wa wizara iliyokuwa na MMS chini yake, hakusubiri Bunge. Tarehe 19 Mei alitoa amri ya kuivunja MMS ili mapato, ukodishaji na usalama viwe mikononi mwa watu tofauti. Mkurugenzi wa MMS aliondoka tarehe 27 Mei. Mwezi Oktoba 2010 ukusanyaji wa mapato ukatenganishwa, na Oktoba 2011 zikazaliwa idara mbili, BOEM ya ukodishaji na BSEE ya usalama. Sababu ya kutumia amri ni haraka, na Salazar alikuwa na mamlaka hayo. Gharama yake ni kwamba kilichojengwa kwa amri ya waziri kinaweza kubomolewa kwa amri ya waziri.

Mwishoni mwa Mei serikali ilisimamisha uchimbaji wa kina kirefu kwa miezi sita, na mitambo 33 ikasimama. Jaji wa New Orleans akaizuia amri hiyo tarehe 22 Juni kwa kutoridhika na sababu zake. Ikatolewa amri mpya Julai, ikaondolewa tarehe 12 Oktoba. Seneta Mary Landrieu wa Louisiana, wa chama cha Rais mwenyewe, alizuia kuthibitishwa kwa mteule wa ofisi ya bajeti ili kuishinikiza serikali irudishe uchimbaji.

Rais aliunda pia tume ya watu saba chini ya Bob Graham na William Reilly. Haikuwa na mamlaka ya kuwalazimisha mashahidi kufika. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 420 kwa 1 kuipa mamlaka hayo. Seneti ikakwamisha. Tume ikafanya kazi hadi mwisho kwa hiari ya waliohojiwa.

Sheria zilizokwama

Julai 2010 Kamati ya Nishati na Biashara ilipitisha kwa kura 48 kwa 0 muswada wa viwango vya mitambo ya kuzuia mlipuko. Si mara nyingi Washington inaona kura ya namna hiyo. Tarehe 30 Julai Baraza zima likapitisha muswada mpana zaidi, uliojulikana kama CLEAR, kwa kura 209 kwa 193. Huo ungeandika mgawanyo wa MMS kwenye sheria, kuondoa ukomo wa dola milioni 75 na kurefusha muda wa kupitia mipango ya visima.

Haukufika popote. Seneti ilikuwa imetoka tu kuuacha muswada wa mabadiliko ya tabianchi, na mwanzoni mwa Agosti uongozi wake ukaweka kando na ule wa umwagikaji. Suala la ukomo wa fidia ndilo lililovunja muungano: maseneta wa majimbo ya mafuta walisema fidia isiyo na kikomo ingewaondoa wachimbaji wadogo na kuziachia bahari kampuni kubwa tano. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake na ingeweza kujibiwa kwa mfuko wa bima ya pamoja, lakini muda haukuwapo. Kisima kilikuwa kimefungwa tarehe 15 Julai, picha za chini ya bahari zikatulia, na uchaguzi wa Novemba ukawa mlangoni.

Baraza jipya liliingia Januari 2011, mwezi ule ule Tume ilipotoa ripoti yake. Mei mwaka huo, siku zisizofika 400 tangu watu 11 wafe, Baraza hilo lilipitisha kwa kura 263 kwa 163 muswada uliotaka kibali cha kisima kihesabiwe kimetolewa ikiwa wizara haijaamua ndani ya siku 60. Nao ulikwamia Seneti.

Matokeo

Sheria kubwa iliyopita ni ya Julai 2012, inayopeleka asilimia 80 ya faini za maji kwa majimbo ya Ghuba. Ni sheria nzuri ya kugawana fedha baada ya madhara. Wajumbe wa Tume waliendelea kufuatilia kwa hiari yao, na mwaka huo wakatoa alama D kwa Bunge.

Usalama uliboreshwa kwa kanuni. Oktoba 2010 zilitoka kanuni za ubunifu wa visima na za mifumo ya usimamizi wa usalama. Kanuni kamili ya udhibiti wa kisima ilifika Aprili 2016, miaka sita baadaye. Mei 2019 serikali nyingine ikailegeza katika vipengele kadhaa. Mwaka 2023 ikakazwa tena. Kampuni nazo zilijenga vifaa vya kufunga kisima kinachotapika chini ya bahari, ambavyo havikuwapo mwaka 2010. BP ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 20 katika maridhiano ya kiraia pekee, baada ya mahakama kukadiria mapipa milioni 3.19 yaliyoingia baharini.

Siku 30 za mwaka 1978 bado zimo kwenye sheria.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kazi ya dawati. Kamati zilizoomba nyaraka, kuzisoma na kuandika walichokiona kwa lugha ya kawaida zilibadilisha mwenendo wa mambo. Dai la picha lilivunja ukiritimba wa taarifa, na baada ya hapo serikali yenyewe ikalazimika kupima. Kulinganisha mipango mitano ya dharura hakukuhitaji mhandisi. Kulihitaji mtumishi wa kamati mwenye subira ya kuiweka mezani yote mitano na kuisoma kwa wakati mmoja. Nguvu ya Bunge hapa ilitokana na vitu viwili: mamlaka ya kudai nyaraka, na watumishi wa kudumu wenye ujuzi wa kuzisoma.

Kilichoshindikana kina mizizi mirefu zaidi ya uchaguzi wa Novemba. Maswali yote yalielekezwa nje: kwa BP, kwa Transocean, kwa MMS. Hakuna kikao kilicholiuliza Bunge kwa nini liliweka siku 30, kwa nini liliiacha bajeti ya wakaguzi ishuke huku likitoa motisha ya kwenda kina kirefu, na kwa nini liliikemea MMS mwaka 2008 bila kuigusa. Tume ya Rais iliyasema hayo waziwazi. Bunge lilikuwa mtunzi wa sera ya nishati iliyohesabu mapipa na mrabaha peke yake, kisha likakaa kwenye kiti cha hakimu.

Linganisha na Uingereza. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha lililipuka katika Bahari ya Kaskazini, watu 167 wakafa. Uchunguzi wa Lord Cullen ulichukua muda, na Novemba 1990 ukatoa mapendekezo 106. Yote yalikubaliwa. Usalama uliondolewa kwenye wizara ya nishati ukapelekwa kwa mamlaka ya afya na usalama kazini, na Bunge likaliandika hilo kwenye sheria ya mwaka 1992. Tangu hapo mwendeshaji ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba mtambo wake ni salama, kabla ya kuanza kazi. Nchi hiyo nayo ilitegemea mafuta kwa kiasi kikubwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba uchunguzi mmoja wenye mamlaka kamili ulipewa nafasi ya kumalizika, kisha hitimisho lake likawa sheria. Marekani ilikuwa na chunguzi nyingi zilizokwenda sambamba, ile iliyoona mbali zaidi ikanyimwa hati za wito, na wakati inatoa ripoti wabunge waliokuwa na ari walikuwa wamepoteza wingi.

Kwa upande wetu

Ugunduzi wa kwanza wa gesi kwenye kina kirefu mbele ya pwani ya Tanzania ulitokea mwaka huo huo wa 2010. Leo gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari, mahali pengine kwenye kina kinachozidi mita 2,000, ambacho ni zaidi ya Macondo. Shell na ExxonMobil, ambazo wakuu wao waliketi mbele ya Markey, zimekuwa na hisa katika vitalu hivyo.

Sheria ya Petroli ya 2015 ilitenganisha TPDC, shirika la taifa la mafuta lililokuwa mfanyabiashara na msimamizi kwa pamoja, na PURA, mdhibiti wa mkondo wa juu. Huo ulikuwa uamuzi sahihi, na ulifanyika bila kusubiri maafa. Lakini miswada mitatu ya gesi na mafuta ya mwaka huo ilipitishwa Julai kwa hati ya dharura, katikati ya mvutano uliowaacha wabunge kadhaa wa upinzani nje ya ukumbi, na PURA yenyewe ina jukumu la kunadi vitalu pamoja na la kusimamia. Kamati ya nishati ina haki ya kuuliza ni wakaguzi wangapi wa visima walioajiriwa, na mshahara wao unatoka kwenye fungu gani.

Inaweza pia kuanza na mpango wa dharura wa kisima kitakachochimbwa. Kifaa kimoja cha kufunga kisima kinachotapika kinatunzwa Saldanha, Afrika Kusini. Kamati iulize meli ipi itakibeba, itachukua siku ngapi kufika mbele ya Lindi na Mtwara, mkataba wa meli hiyo uko wapi, kisha mtumishi wake apige kila namba ya simu iliyoandikwa kwenye mpango huo.